Kumuwahi Mwanafunzi Kabla Hajaacha Shule: Uzoefu wa Mwalimu wa Shule ya Kata Mkoani Shinyanga

Nimefundisha katika shule ya sekondari ya kata mkoani Shinyanga tangu enzi ambazo mwanafunzi wa kutwa alilipa ada ya shilingi 20,000 kwa mwaka. Sehemu kubwa ya kipindi hicho nimekuwa mwalimu wa darasa, na baadaye mwalimu wa malezi, yaani yule anayeitwa ofisini pale jina la mtoto linapoanza kukosekana katika mahudhurio. Shule yetu ni mojawapo ya zile zilizojengwa kwa nguvu za wananchi na Serikali katika miaka ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulioanza mwaka 2004, wakati kila kata ilipohimizwa kuwa na sekondari yake. Wazazi walisomba mawe na mchanga, wakafyatua tofali, wakatoa mchango wa fedha katika mwaka ambao wengine hawakuwa hata na akiba ya chakula. Watu hao hawakujenga madarasa ili mtoto aingie kidato cha kwanza Januari akiwa na sare mpya, kisha Septemba ya mwaka unaofuata awe machimboni, au awe ameolewa, au awe Dar es Salaam akitembeza bidhaa barabarani bila mtu nyumbani kujua analala wapi.

Yapo mambo mengi yanayosemwa kuhusu tatizo hili kwenye vikao, na mengi ni ya kweli. Mimi nimebakiwa na moja ambalo kila mwaka linanithibitikia upya: mwanafunzi haachi shule kwa siku moja. Huondoka kidogo kidogo, kwa wiki na kwa miezi, na katika muda huo wote anaweza kurudishwa kwa gharama ndogo sana, mradi yupo mtu mzima shuleni anayemfahamu na ambaye kazi yake ni kumfuatilia. Baada ya hapo hata mtendaji wa kata, polisi na mahakama wakiingia, kinachopatikana mara nyingi ni kesi, si mwanafunzi.

Kila mwaka shule hujaza takwimu za wanafunzi walioacha masomo pamoja na sababu zake: utoro, mimba, ugonjwa, kifo, kukosa mahitaji. Utoro ndio unaomeza karibu majina yote, shuleni kwetu na katika takwimu za taifa vilevile. Nimejaza fomu hizo kwa mkono wangu na sioni uongo ndani yake, kwa sababu ni kweli mtoto hakuja. Lakini fomu haiulizi kwa nini hakuja, na ofisi inayoisoma inabaki na picha ya vijana wakaidi wanaohitaji kusakwa. Wale ninaowafahamu mimi waliitwa watoro baada ya mambo mengine kuwatangulia: unga ulioisha Jumatano, ng'ombe wasio na mchungaji, aibu ya kutoelewa somo, viboko vya asubuhi, mwanamume mwenye pikipiki.

Daftari la mahudhurio ndicho chombo cha kwanza, na shule zote tayari zinalo. Tatizo ni namna tunavyolisoma. Tumezoea kujumlisha kwenda chini ili tupate idadi ya waliohudhuria siku hiyo, idadi hiyo ikaandikwa ubaoni, na kazi ikawa imekwisha. Faida yake huonekana pale mwalimu wa darasa anapokaa nalo mwisho wa wiki na kufuata jina moja kuelekea kulia, siku baada ya siku. Hapo ndipo utamwona anayekosekana kila siku ya mnada, na utajua kwamba nyumbani kuna biashara inayomtegemea. Utamwona anayekuja Jumatatu na Jumanne kisha akapotea, na yule aliyekuwa hakosi hata siku moja ambaye ghafla ana mapengo matatu ndani ya wiki mbili. Huyu wa mwisho ndiye wa kufuatwa kwanza, ingawa jumla yake ya mwezi bado inapendeza.

Mwalimu anahitaji pia kuijua kalenda ya wenyeji. Januari na Februari, wakati wa palizi ya mahindi na pamba, darasa hupungua, na si kila aliyekosekana yuko hatarini, kwani wengi hurudi pamoja mara magugu yanapodhibitiwa. Hofu yangu huanza kwa yule ambaye majirani zake wa kitongoji kimoja wamekwisha kurudi naye bado. Kijana anayekosekana mwezi Agosti hunitia wasiwasi zaidi, kwa sababu wakati huo pamba imeshauzwa, hakuna kazi ya shamba inayomshikilia, na mara nyingi nauli ya kwenda machimboni Kahama au Geita imepatikana.

Shuleni kwetu tulikubaliana kwamba mtoto akikosekana siku mbili mfululizo bila taarifa, mwalimu wa darasa anapiga simu jioni ya siku ya pili, na ya tatu mtu anakwenda nyumbani. Ilitubidi kwanza kuandika upya namba za simu, maana nyingi zilizokuwa kwenye fomu za kujiunga zilikuwa hazipatikani tena. Tukachukua ya mzazi, ya jirani na ya mwenyekiti wa kitongoji. Kwa nyumba zisizo na simu tulimtegemea mwanafunzi wa njia hiyo hiyo, kwa masharti kwamba anaulizwa kwa faragha na hafanywi mpelelezi wa wenzake, jambo ambalo lingemletea chuki bure.

Kwenda nyumbani ni kazi yenye adabu zake. Nakumbuka nyumba moja niliyofika jioni kwa sababu ya kijana wa kidato cha pili aliyekuwa hajaonekana tangu mwanzo wa wiki. Baba yake alinitolea kigoda chini ya mkwaju, mama akaleta michembe na chai, tukazungumza habari za mvua na bei ya pamba kabla ya kugusa kilichonileta, kwa sababu huku kwetu mgeni anayetanguliza shida yake mbele ya salamu huonekana amekuja kugombana. Kijana alirudi na ng'ombe giza likianza kuingia. Alikuwa amevaa shati jeupe la shule lililokatwa mikono, na pale mfukoni ilipokuwa nembo palibaki alama ya mraba yenye nyuzi. Aliponiona alisimama nyuma ya zizi, akanisalimu kwa sauti ya chini, kisha akaendelea kuhesabu mifugo. Sare ikishafanywa nguo ya kuchungia, uamuzi umeshapitishwa katika nyumba ile, hata kama hakuna aliyeutamka.

"Mwalimu, mimi sijamkataza," alisema mzee. "Yeye mwenyewe anasema darasani haelewi kitu, na hapa ng'ombe wangu hawana mtu. Sasa nimlazimishe akakae bure?"

Nilimjibu kwamba nimemsikia, na kwamba nisingependa anijibu usiku ule. Katika maneno yake yalikuwamo mambo mawili tofauti, na kila moja lilikuwa na dawa yake. La ng'ombe lilimalizwa na wazee wenyewe: jirani alikubali kuunganisha mifugo yake na ile, vijana wa nyumba mbili wasiosoma wakachunga kwa zamu, na mwanafunzi akabaki na zamu ya Jumamosi na Jumapili. La kutoelewa lilikuwa letu sisi walimu. Shati alilipata katika kabati la sare ambazo wahitimu wa kidato cha nne huziacha shuleni wanapomaliza, utaratibu mdogo usio na gharama ambao ningeishauri kila shule iuanzishe. Kijana yule alimaliza kidato cha nne, akaenda chuo cha VETA, na sasa ni fundi umeme. Sina hakika kwamba barua ya wito yenye muhuri wa mtendaji ingefika popote katika nyumba ile zaidi ya kuwaaibisha wazazi mbele ya majirani.

Hilo la kutoelewa linastahili kukaziwa kuliko yote, kwa sababu ndilo linaloonekana kwa uchache. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, na wapo ambao hata Kiswahili walikikuta shuleni, nyumbani wanazungumza Kisukuma. Anaingia kidato cha kwanza, na Jiografia, Baiolojia, Historia na Hisabati zote zinageuka kuwa Kiingereza. Yule aliyekuwa akinyoosha mkono darasa la saba ananyamaza. Ananakili ubaoni maneno asiyoyaelewa, kwa mwandiko mzuri, na mwalimu anayepita kati ya madawati akikagua madaftari anaweza kuridhika kabisa. Ukimya huo ukidumu hadi mwezi wa nne, mtoto anaanza kuhama kiti kwenda nyuma, kisha anaanza kukosa vipindi, kisha siku. Nimeona vijana wenye akili nzuri, wanaoweza kukokotoa faida ya mbuzi watano mnadani bila kalamu, wakijiona wajinga kwa sababu tu swali la Hisabati limeandikwa kwa lugha ambayo hawakufundishwa vya kutosha.

Wiki za mwanzo za kidato cha kwanza zinazotengwa kwa ajili ya kuzoesha lugha ya kufundishia ni msaada, lakini hazitoshi, na shule nyingine huzipitia haraka ili mada zianze. Sisi tuliamua kwamba mwanafunzi wa kidato cha kwanza asiadhibiwe kwa kuuliza swali kwa Kiswahili. Aulize, ajibiwe, kisha darasa lote lijifunze kulitamka swali lile kwa Kiingereza. Bango la kukataza Kiswahili lilikuwa limekaa ukutani miaka mingi, na lilipoondolewa hakuna kiwango kilichoshuka. Kilichopungua ni ule ukimya. Jioni, kabla ya muda wa michezo, vikundi vidogo husoma kurasa chache za kitabu cha kiada kwa sauti, wakieleza kwa maneno yao. Si mbinu mpya, ila inahitaji mwalimu awepo, na mwalimu mwenye vipindi vingi kupita kiasi huwa amechoka saa hiyo.

Upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili ndio mlango wa pili wanakopotelea. Asiyefikia kiwango hurudia kidato. Kwa miaka kadhaa tulikuwa tukigundua mwezi Februari kwamba kundi zima la waliotakiwa kurudia halikuripoti, na kwa wakati huo wengine walikuwa wameshasafiri. Mtoto alisoma matokeo kwenye simu ya mtu, au aliambiwa na wenzake dukani, na hakuwa na ujasiri wa kuvaa sare na kukaa na wadogo zake. Sasa matokeo yakitoka tunagawana majina siku hiyo hiyo, na kabla shule haijachangamka kila anayerudia anakuwa amefikiwa nyumbani na mwalimu anayemfahamu, aliyekuja na mpango wa masomo mawili au matatu ya kuanzia badala ya pole peke yake. Wanaorudi hawawekwi pamoja nyuma ya darasa. Wanasambazwa, na yule mwenye uwezo katika somo fulani anapewa kikundi cha kuongoza. Wanaopotea baada ya kurudia ni wachache kuliko zamani, ingawa bado wapo.

Wazazi nao wanaona matokeo na wanafanya hesabu zao. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa mwanzoni mwa mwaka 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa nchini wakiwa wamepata daraja sifuri, yaani wamefeli, nilishuhudia athari yake vijijini kwa muda mrefu hata baada ya Serikali kuagiza yapangwe upya. Mzazi aliyekuwa ameuza ng'ombe kumsomesha mkubwa aliona hakuna sababu ya kuuza mwingine kwa ajili ya mdogo. Tukitaka mtoto abaki shuleni, lazima akae mahali ambapo kweli anajifunza. Mikutano ya uhamasishaji haiwezi kuziba pengo hilo.

Kuhusu viboko nitasema kwa kifupi na kwa uwazi. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu adhabu hiyo kwa mipaka: isizidi viboko vinne, itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemkasimu kwa maandishi, na msichana aadhibiwe na mwalimu wa kike. Kila aliyesoma katika shule zetu anajua jinsi mipaka hiyo inavyovukwa getini asubuhi. Mwanafunzi anayetembea kilomita nane, aliyechelewa kwa sababu korongo lilijaa maji ya mvua, akijua kwamba atakutana na fimbo, hufanya uamuzi wenye mantiki kwake: anageuka njiani na kukaa vichakani hadi saa za kurudi nyumbani. Siku ya pili anaogopa kwa makosa mawili, ya kuchelewa na ya kutokuja, na siku ya tatu hofu imekuwa kubwa kuliko hamu ya masomo. Tulipobadilisha utaratibu, mchelewaji akawa anaandika jina na sababu kwa mwalimu wa zamu, anaingia darasani mara moja, na kazi ya kufidia anaifanya mchana. Tukaanza kupata taarifa ambazo fimbo ilikuwa ikizificha. Tulijua nani anapika kwanza kwa ajili ya wadogo zake, nani anamuuguza bibi, nani analala chumba cha kupanga bila saa wala simu.

Vyumba vya kupanga, ambavyo wanafunzi huviita mageto, ndivyo vinavyoniumiza zaidi. Kata zetu ni kubwa, na vijiji vya pembezoni viko mbali na shule, hivyo mzazi humpangia mtoto chumba sentani, karibu na maduka na baa, akamwachia godoro, ndoo, sufuria na unga wa wiki. Jumapili jioni mtoto anatoka kwao na mfuko wa unga na dagaa. Wanakula vizuri Jumatatu na Jumanne, na kwa kuwa wanapika pamoja na wengine ambao hawakuletewa kitu, unga huisha mapema kuliko mzazi alivyokadiria. Alhamisi msichana wa miaka kumi na mitano ana njaa, yuko peke yake, na dereva wa bodaboda aliyekuwa akimpa lifti bila malipo anamletea chipsi. Watu wazima tunapenda kumlaumu binti huyo kwa tamaa. Mimi nimefungua masufuria hayo nikiwa na mwalimu mwenzangu wa kike, nikaona ukoko mkavu wa juzi, na sikuona cha kumlaumu.

Tulichofanya kwanza ni kuviorodhesha vyumba vyote, pamoja na jina la mwenye nyumba. Kisha kamati ya wazazi ikateua akina mama walezi kati ya wakazi wa hapo sentani, watu wa makamo wanaoheshimika, kila mmoja na vyumba vyake vya kupitia jioni. Hawalipwi mshahara. Wanapewa heshima ya kukaa meza kuu siku ya mahafali, na shule huwasikiliza wanapoleta neno. Mama mmoja kati yao aliwahi kuniambia, "Mwalimu, huyu wa chumba cha mwisho ameanza kufunga mlango mapema," na kwa maneno hayo machache tulimwahi binti ambaye tayari alikuwa amenunuliwa simu. Baadaye wazazi na halmashauri walijenga hosteli ya wasichana. Haitoshi wote, lakini kwa wale waliomo mambo yamebadilika.

Chakula cha mchana kimefanya kazi kubwa kuliko nilivyotarajia. Mkutano wa wazazi ulikubaliana kila mmoja alete mahindi na maharage baada ya mavuno, na makande yakaanza kupikwa. Mahudhurio ya mchana, ambayo zamani yalishuka mno kuliko ya asubuhi, yakakaribiana nayo. Hata hivyo mpango huu una mtego wake. Ada iliondolewa kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, kuanzia Januari 2016, na watoto wengi wakaingia shuleni, lakini mchango wa chakula ukisimamiwa kwa ukali hugeuka ada kwa jina jingine. Mtoto akirudishwa nyumbani kufuata debe la mahindi, familia isiyo nalo haimrudishi. Bodi yetu iliamua kwamba hakuna mwanafunzi anayenyimwa sahani kwa sababu ya deni la mzazi. Asiyekuwa na nafaka huleta kuni au hufanya kazi ya siku chache shuleni, na kaya zilizomo katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF huzungumzwa nazo peke yake, kwa kuwa ruzuku yao nayo imefungamanishwa na mahudhurio ya watoto shuleni.

Sasa niseme la mimba na ndoa, ambalo sheria imelizungumzia sana. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka thelathini kwa anayempa mwanafunzi mimba au kumwoa. Mwezi Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilisimamia hukumu iliyotolewa na Mahakama Kuu mwaka 2016, kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka kumi na minane vinakiuka Katiba. Naunga mkono yote hayo kwa moyo wote. Lakini kijijini adhabu kubwa imewafundisha watu kuficha. Familia mbili hukutana usiku, ng'ombe hutolewa, binti huelekezwa aseme aliyemtia mimba ni mpita njia asiyemjua, na shahidi aliyekuwa tayari kuzungumza hubadilika siku ya kufika mahakamani. Kwa hiyo tumejifunza kutosubiri kosa litendeke. Ishara zipo: wageni wasio wa kawaida nyumbani, binti kuacha kuzungumzia mitihani, baba kukwepa mikutano ya shule. Katika hatua hiyo, shangazi anayeheshimika au kiongozi wa dini akipita na kuzungumza na baba kwa upole, mara nyingi jambo husitishwa bila mtu kufikishwa polisi, na binti anaendelea na masomo.

Njia nyingine inayotumika ni uhamisho. Mzazi anafika ofisini na barua nzuri, kwamba binti anahamia kwa mjomba wake mkoa mwingine. Barua inapitishwa, jina linaondolewa kwenye daftari bila kuhesabiwa kama aliyeacha shule, na binti hafiki popote zaidi ya nyumba ya mume. Mwalimu yeyote anayeshughulikia uhamisho naomba apige simu katika shule inayopokea baada ya wiki mbili na kumuuliza mwalimu wa darasa kama mtoto yupo. Simu hiyo haichukui hata dakika tano, na imewahi kumtoa binti katika mikono ya watu waliokuwa wamekwisha kupanga tarehe ya harusi.

Kwa wale waliokwisha kupata watoto, mlango ulikuwa umefungwa kabisa kwa miaka mingi, na mwaka 2017 ulifungwa kwa kauli ya hadharani iliyosikika nchi nzima. Novemba 2021 Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwamo, wanaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Nilifurahi siku ile kuliko siku nyingi za kazi yangu. Ruhusa lakini haimlei mtoto mchanga. Binti wa kwanza kurudi kwetu aliketi karibu na mlango, na ilipofika saa nne alikuwa akibana daftari kifuani kuficha maziwa yaliyolowesha blauzi. Mwalimu wa kike aliyeliona hilo ndiye aliyepanga na bibi wa yule mtoto awe analetwa nyumba ya jirani na shule wakati wa mapumziko, anyonye, kisha mama arudi darasani. Wanafunzi wenzake walizungumzwa nao mapema, na aliyemdhihaki aliitwa na mzazi wake. Wengine waliona vigumu kurudi shule ile ile wakachagua kata nyingine, au madarasa ya njia mbadala yanayosimamiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, na hilo nalo ni sawa, mradi mtu wa shule amefika nyumbani kuwaeleza kwamba nafasi hizo zipo. Wengi hawajui, na tangazo la redioni halimfikii binti aliyeambiwa na baba yake kwamba habari ya shule imekwisha.

Wasiwasi wangu kwa sasa ni wa miaka michache ijayo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imefanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari, nami naiona ni hatua njema. Kwa utaratibu uliotangazwa, mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja, na Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa wakati mmoja, baadhi yao wakiwa wadogo kwa mwaka mzima kuliko tuliowazoea, na njia ya kwenda shuleni itakuwa ya urefu ule ule. Mazungumzo ninayoyasikia ni ya madarasa na madawati, na yanahitajika kweli. Lakini mwalimu mmoja mwenye daftari la majina yanayozidi mia moja hawezi kulifuata jina moja moja kuelekea kulia, wala hawezi kujua nani ameanza kufunga mlango mapema. Naomba halmashauri zinapopanga ikama ya walimu kwa ajili ya mwaka huo, ziwapunguzie vipindi walimu wa darasa wa kidato cha kwanza, ziwape muda wa maongezi wa simu na nauli ya kufika vijijini, na orodha ya vyumba vya kupanga iandaliwe kabla ya Januari, wakati wazazi bado wanatafuta pa kuwaweka watoto wao.